Ligandi: Jina la Uhusiano, Si Jina la Kitu

Miongoni mwa istilahi zinazomsumbua mwanafunzi wa kemia anapovuka kutoka sekondari kuingia chuo kikuu, ipo moja fupi ambayo aghalabu huikariri pasipo kuielewa. Istilahi hiyo ni ligandi. Vitabu vyake humpa fasili kwa Kiingereza, kwamba ni molekuli au ioni inayojifunga kwenye atomi ya metali kwa kuipa jozi ya elektroni. Mwanafunzi huikariri fasili hiyo, huiandika katika mtihani na kupata alama zake, na jambo likaishia hapo. Lau angeulizwa kesho yake, kwa lugha anayoitumia sokoni na nyumbani, ligandi ni nini hasa, yamkini angeduwaa.

Mimi si mkemia. Kazi yangu ni isimu, na kwa kawaida huyaacha mambo ya maabara kwa wenyewe. Hata hivyo, swali la maana ya neno ni swali la mwanaisimu vilevile, na swali hili nilitupiwa na mwalimu mmoja wa kemia nilipokuwa Kimana, ule mji wa biashara ulioko kusini mwa Kajiado, katika barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. "Daktari," aliniambia, "nyinyi watu wa lugha mmetuachia kazi. Ligandi tuiiteje kwa Kiswahili?" Nilimjibu kwamba kabla ya kuuliza tuiiteje, yatupasa kwanza tuulize ni nini. Makala haya ni jaribio la kujibu maswali yote mawili, kwa utaratibu huo.

Tuanze na asili ya neno. Ligandi limetokana na kitenzi cha Kilatini ligare, yaani kufunga, kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba. Lakini neno lenyewe si la kale. Alfred Werner, mkemia wa Chuo Kikuu cha Zurich aliyeeleza mnamo 1893 jinsi atomi ya metali inavyoweza kuzungukwa na molekuli nyingine kwa mpangilio maalumu, na aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo, hakuwa na neno hili. Lilianza kutumiwa mnamo 1916 na Mjerumani Alfred Stock alipokuwa akichunguza kampaundi za silikoni, na likakawia miaka mingi kabla ya kuenea katika Kiingereza. Msomaji na azingatie mfuatano huo: jambo lilieleweka kwanza, jina likaja baadaye. Katika madarasa yetu mambo hugeuzwa. Jina hutangulia, na aghalabu hufika peke yake.

Hapa Mswahili anakabiliwa na mtego wa kipekee. Lugha yetu ina kitenzi ganda, kama damu igandavyo au uji ugandavyo kwenye sufuria. Kutokana nacho tunapata gandama, yaani kushika mahali na kutobanduka. Tena tunalo gando, ule mkono wa kaa wenye kubana. Mwanafunzi asikiapo "ligandi" hushawishika kudhani kwamba ni neno la kwetu lililovishwa kiambishi li-. La hasha! Huu ni mgongano wa sauti tu, kama zinavyogongana sauti za lugha nyingi zisizo na nasaba yoyote. Ndiyo maana napendekeza tuseme "ligandi hii" na "ligandi hizi", kama tusemavyo "molekuli hii" na "molekuli hizi", wala tusiseme "ligandi hili", tusije tukaipa ile li- hadhi isiyo yake.

Lakini bahati nayo ina ucheshi wake. Mnamo 1920 wakemia wawili wa Uingereza, Morgan na Drew, walihitaji jina la ligandi zile zinazoishika metali kwa mikono miwili au zaidi kwa wakati mmoja. Walichukua neno la Kiyunani chele, ambalo maana yake ni gando la kaa, na ndiyo asili ya istilahi kelati. Basi Wazungu walipotafuta picha ya jambo hili walikwenda kumwazima kaa, ambaye mtoto wa Lamu na Pemba humjua kabla ya kujua kusoma. Dawa iitwayo EDTA ni gando la aina hiyo, nayo huweza kuishika metali kwa mikono sita. Madaktari huitumia kuyafumbata madini ya risasi yaliyoingia mwilini, ili yatolewe kwa mkojo. Mkulima wa nyanya naye huenda amekutana na jambo hili pasipo kujua jina lake. Palipo na magadi mengi udongoni, chuma huwamo lakini mmea hauwezi kukichukua, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mbolea ya chuma inayouzwa kwa shamba la namna hiyo huwa chuma kilichokwisha kufumbatwa na magando, kisinaswe na udongo kabla ya kufika kwenye mizizi.

Sasa tuingie katika kiini cha maana. Maneno ya lugha yoyote yapo ya aina nyingi, na miongoni mwayo yamo yanayotaja kitu kwa jinsi kilivyo, na yamo yanayotaja kitu kwa jinsi kinavyohusiana na kingine. Jiwe ni jiwe hata likiwa peke yake jangwani. Lakini mjomba si mjomba peke yake, kwani hakuna mjomba pasipo mpwa. Shemeji, wifi, mkwe, mgeni, shahidi na mdhamini ni majina ya namna hiyo. Mtu yule yule ni mjomba kwa huyu, shemeji kwa yule, na kwa mpita njia si lolote ila mtu. Kosa la kufundisha ligandi kama aina ya kitu ni sawa na kumwonyesha mtoto picha ya mwanamume mmoja na kumwambia, "Huyu ni mjomba."

Maji yaliyomo ndooni si ligandi. Ni maji. Maji yale yale yakiizunguka ioni ya shaba na kuipa elektroni zake, hapo ndipo yanapoitwa ligandi. Chukua pia floridi, ambayo katika baadhi ya visima vya Kajiado huzidi kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ambayo huyaacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Ndani ya jino, floridi imepangwa pamoja na kalsiamu kama matofali ukutani, na hapo mkemia haiiti ligandi. Floridi hiyo hiyo ikiizunguka aluminiamu majini, huiita ligandi. Floridi haikubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano.

Lipo jambo la pili, nalo ni namna ya uhusiano wenyewe. Vifungo vingi vya kemia ambavyo mwanafunzi hufundishwa mwanzoni ni vya harambee: atomi hii hutoa elektroni moja, na ile hutoa moja, kisha jozi ikawa mali ya wote wawili. Kifungo cha ligandi si cha harambee. Elektroni zote mbili hutoka upande mmoja. Ligandi hutoa, metali hupokea, na zawadi ile ndiyo inayowafunga.

Niliposema hivyo, mwalimu yule, ambaye ni Mmaasai, alicheka na kunikumbusha jambo ambalo nami nalijua kwa vitabu tu. Katika desturi za Wamaasai, mtu akimpa mwenzake ng'ombe kwa wema, wawili hao huacha kuitana kwa majina yao na kuitana pakiteng, kutokana na enkiteng, yaani ng'ombe. Ikiwa alichopewa ni ndama, huitana paashe. Mtoaji huitwa hivyo, na mpokeaji huitwa vivyo hivyo. Jina si la huyu wala la yule, bali ni la kile kilichopita kati yao. Uhusiano wa kupeana kwa namna hiyo Wamaasai huuita osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kamba ya kitovu, na ambalo katika Biblia ya Kimaasai limetumiwa kwa maana ya agano. Kamba, zawadi na agano katika neno moja! Mwanafunzi wa Kimana aliyekulia katika lugha hiyo amebeba kichwani mwake mfano wa kifungo cha ligandi ulio bora kuliko wowote uliomo katika kitabu chake cha kemia, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba unamfaa.

Mfano, bila shaka, una mipaka yake. Elektroni hazina wema, na ligandi haitarajii kusaidiwa wakati wa ukame. Lakini mfano haukuja kuwa sawa na jambo lenyewe. Umekuja kulifungulia mlango.

Tuuone mlango huo maabarani. Waswahili wa kale walikuwa na jina la chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati, ambayo waliitumia kutibu vidonda. Waliiita mrututu. Mwanafunzi akiuchoma mrututu ndani ya neli, samawati hutoweka na unga mweupe hubaki. Akiudondoshea maji, samawati hurudi. Hukariri kwamba maji yametoka na maji yamerudi. Lakini rangi ile haimo katika shaba peke yake wala katika maji peke yake. Imo katika kule kushikana kwao. Kisha akiuyeyusha mrututu majini na kuutia amonia kidogo kidogo, kwanza huona mashapo ya samawati hafifu. Akizidisha amonia, mashapo huyeyuka na kioevu hugeuka samawati iliyokolea sana. Amonia nne zimeketi pale palipokuwa na maji. Wageni wamebadilishana viti, na nyumba imebadilika rangi.

Kubadilishana huko kwa viti ndiko kunakonileta kwenye jambo ambalo kwalo nimeona vema kuandika, kwa maana si la maabara tena bali ni la uhai na mauti.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, na kila molekuli ya himoglobini hubeba atomi nne za chuma. Kila atomi ya chuma imeshikwa na naitrojeni nne za pete ya himu, na ya tano itokayo katika protini yenyewe. Nafasi ya sita huachwa wazi kwa ajili ya mgeni, na mgeni huyo ni oksijeni. Oksijeni huingia mapafuni, hukishika chuma, husafirishwa hadi kwenye misuli na ubongo, kisha hukiachilia chuma na kuifanya kazi iliyoijia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uzuri wa oksijeni kama ligandi haumo katika kushika tu, bali katika kushika kwa kiasi na kuachilia kwa wakati.

Yupo mgeni mwingine. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Nayo hukishika chuma kile kile, katika nafasi ile ile, lakini hukishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishaketi haiinuki upesi. Hata mtu akitolewa nje penye hewa safi, nusu ya gesi hiyo huchukua takriban saa nne hadi tano kutoka katika damu yake. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua hadi kiasi cha saa moja au moja na nusu, kwa sababu oksijeni nyingi humsukuma mgeni yule mkaidi kitini. Ndiyo sababu mwathiriwa hukimbizwa hospitalini hata kama amekwisha kuzinduka.

Kila yanapofika majira ya baridi, kati ya Juni na Agosti, magazeti yetu huleta habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa na hawakuamka. Wengi wao si wajinga. Walijua kwamba moshi hudhuru, na kwa sababu hiyo waliliacha jiko nje mpaka moshi ukaisha na makaa yakawiva mekundu, ndipo wakaliingiza. Hapa ndipo lugha ilipowaponza. Neno walilokuwa nalo kwa hatari ile lilikuwa "moshi", na moshi huonekana, hunuka na hukereketa. Kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe huweza kuitoa kwa wingi. Aliyekosa jina la kitu kile alikosa pia njia ya kukiogopa, na aliyekuwa na jina bila maana hakuwa na heri kumshinda. Naamini kwamba wamo, miongoni mwa wanaolala na majiko, vijana waliokwisha kuandika kwa usahihi katika mtihani kwamba kaboni monoksaidi huungana na himoglobini.

Sasa naweza kulijibu swali la mwalimu wa Kimana. Tuiiteje? Nimepima maneno kadhaa. "Kifungo" tayari ni cha shati, na cha jela, na tena tunakihitaji kwa ule uhusiano wenyewe. "Kiunganishi" kimekwisha kuchukuliwa na sarufi. "Kiambata" kingefaa sana, lakini Watanzania wanakitumia kwa vitu vinavyotiwa katika vipodozi, na twasikia kila mara wakionywa juu ya viambata sumu. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tulichukue neno ligandi lilivyo, kama tulivyochukua atomi, molekuli na ioni. Hakuna aibu katika kukopa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilidhihirisha kwamba lugha hii inaweza kuibeba sayansi kwa maneno ya kubuni na ya kukopa yakisaidiana.

Lakini tukikopa nomino, tusikope na kitenzi, kwa maana katika vitenzi sisi ni matajiri. Walimu wa Kiswahili hufundisha kauli ya kutendata na kauli ya kutendama, na wanafunzi huziona kuwa mzigo usio na faida. Kumbe lugha yetu ina viambishi vinavyoweza kueleza kugusana na kushikana: ambata, kamata, fumbata, fungama, gandama, shikamana. Basi na tuseme hivi: ligandi ni molekuli au ioni inayoiambata atomi ya metali kwa kuipa jozi ya elektroni zake. Ligandi ya mkono mmoja huambata, na yenye magando hufumbata. Oksijeni hushikamana na chuma na kukiachilia, ilhali kaboni monoksaidi hukigandama. Naamini mwanafunzi asomaye sentensi hizo hatahitaji kuzikariri.

Namwongezea mwalimu wa Kiswahili mfano mwingine ulio katika somo lake mwenyewe. Metali ni kama mzizi wa neno, na ligandi ni kama viambishi. Ubadilishe kiambishi, na neno zima litabadilika maana, kama mrututu ubadilikavyo rangi, na mzizi ni ule ule.

Wakemia na wanabiolojia wenyewe hawatumii neno hili kwa upana uleule, na mwanafunzi aonywe mapema. Kwa mkemia, aliye kitini ni metali, na chochote kinachoiambata ni ligandi. Kwa mwanabiolojia, aliye kitini ni protini, na ligandi ni chochote kinachokuja kuiambata, kama vile insulini inapokifikia kipokezi chake. Hivyo ile pete ya himu ni ligandi kwa mkemia atazamaye chuma, bali mwanabiolojia atazamaye himoglobini huihesabu kuwa sehemu ya mwenyeji. Anayelijua neno hili kama jina la uhusiano hatababaika. Atauliza tu, "Ligandi ya nani?"

Najua pingamizi litakaloletwa: nchini Kenya kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, basi Kiswahili kina nafasi gani? Sipendekezi hapa kwamba mtihani ubadilishwe kesho. Mtihani una lugha yake. Lakini jiko la makaa halina mtihani, wala damu haiulizi mwanafunzi alipata alama ngapi. Napendekeza jambo dogo lililo katika uwezo wa kila mwalimu. Kila istilahi mpya inapoandikwa ubaoni, mwanafunzi atakiwe kuieleza kwa sentensi moja ya Kiswahili, au ya lugha ya kwao, bila kulitaja neno lenyewe. Atakayeweza, ameelewa. Asiyeweza, afundishwe tena, hata kama daftari lake limejaa alama za vema.

Na istilahi ya kwanza kufanyiwa hivyo, hasa kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya Agosti, iwe hii. Mwanafunzi aende nyumbani akaweze kumwambia mama yake na nyanya yake, kwa maneno wanayoyajua, kwa nini jiko lisilo na moshi lisiingizwe chumbani.